Machi 7 vyuoni China: mabango yanamsifu msichana yupi?

Kila Machi 7, siku moja kabla ya Siku ya Wanawake Duniani, vyuo vikuu vingi vya China hujaa mabango mekundu. Wavulana wa darasa moja huchapisha maneno ya kuwasifu wasichana wenzao, kisha huyatundika kati ya miti njiani. Ni Siku ya Wasichana, desturi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Shandong miaka ya 1980. Mwaka 2018, ukomo wa mihula ya urais ulipokuwa ukiondolewa kwenye katiba, wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, waliandika kwamba kukupenda hakuna ukomo, na kama upo, tutaufuta.

Wanaoitetea siku hii wana hoja. Kwenye vitivo vya uhandisi wasichana ni wachache, na wengi hufurahi kukumbukwa. Mvulana mwenye haya naye hupata pa kusemea.

Ila Machi 8 ilitokana na madai ya wanawake wafanyakazi, wakidai ujira na haki ya kupiga kura. Machi 7 humsifu msichana kwa ujana, urembo na kutoolewa bado, na sifa hizo zina muda. Mwaka 2007 Wizara ya Elimu iliingiza katika orodha ya maneno mapya jina la wanawake waliododa, yaani wasomi waliovuka miaka 27 hawajaolewa. Anayeimbiwa leo chuoni ndiye atakayebandikwa jina hilo kesho. Tena sifa hazikumsaidia mlangoni: baadhi ya vyuo viliweka alama za kujiunga za juu zaidi kwa wasichana katika fani kama lugha za kigeni, hadi Agosti 2012 wanawake wakanyoa vipara hadharani Guangzhou kupinga.

Wavulana nao wamebanwa, jambo ambalo wakosoaji wengi hulipita haraka mno. Januari 2021 wizara hiyohiyo, ikijibu pendekezo la Si Zefu, mjumbe wa baraza la taifa la ushauri wa kisiasa, aliyelalamika kwamba vijana wa kiume wanakuwa kama wanawake, iliahidi kuimarisha walimu wa michezo. Septemba mamlaka ya utangazaji ikapiga marufuku wanaume wa mwonekano laini kwenye runinga. Katikati ya hayo, Julai, mtandao wa mawasiliano wa WeChat ulifunga makumi ya akaunti za vikundi vya wanafunzi wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia. Kijana asiyeingia katika bango wala katika mpango wa wizara hakubakiwa hata na pa kuongelea.

Mimi naegemea upande wa wakosoaji, lakini sitaki mabango yapigwe marufuku. Serikali inayopenda kufuta isiongezewe kazi. Jibu lenye uzito nimeliona kwa wanafunzi wenyewe, walioanza mwaka 2020 kuweka visanduku vya pedi nje ya vyoo vya chuo: chukua moja, ukipata rudisha. Hapo mwanamke anatambuliwa kwa haja yake halisi, awe na miaka 19 au 40.