Shule ya watoto wa wanajeshi pale Saint-Germain, na jinsi sisi tunavyofanya kinyume chake

Ukikutana na kijana kavaa jezi ya PSG (Paris Saint-Germain) pale Kariakoo muulize hiyo Saint-Germain ni nini, wengi watakwambia ni jina la timu tu basi. Kumbe ni mji kabisa, Saint-Germain-en-Laye, uko magharibi mwa Paris, unapanda treni ya RER A mpaka kituo cha mwisho umefika. Klabu ilizaliwa 1970 kwa kuunganisha timu ya Paris na Stade Saint-Germain ya mji huo, na kwa miaka mingi wachezaji walikuwa wanafanyia mazoezi kwenye eneo linaitwa Camp des Loges. Sasa hiyo Camp des Loges, kabla ya kina Ibrahimović kuja kutoa jasho pale, ilikuwa na makao makuu ya jeshi la Marekani kwa Ulaya nzima. Na ujio wa wanajeshi wa kigeni ndio uliofanya mji mdogo wa kifalme (Louis wa 14 kazaliwa hapo 1638) ukaja kupata shule ya sekondari ambayo mimi naona watu wa elimu huku kwetu wangetakiwa kuijua kuliko wanavyomjua Mbappé.

Stori yenyewe iko hivi. 1951 NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, inaanzisha makao yake makuu ya kijeshi Ulaya, yanaitwa SHAPE, bosi wa kwanza ni Jenerali Eisenhower, yule yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na wanaweka ofisi Rocquencourt, jirani na Versailles. Maofisa wanatoka nchi kibao na wanakuja na wake na watoto, kwahiyo Wafaransa wakawajengea kijiji cha maghorofa pale Saint-Germain, kinaitwa Shape Village. Nyumba zipo, haya watoto wanasoma wapi? Una mtoto wa Kidenmaki, wa Kiitaliano, wa Kinorwe, wa Kiholanzi, wa Kimarekani, hawaelewani hata salamu, na baba zao baada ya miaka miwili mitatu watahamishwa.

Njia rahisi ilikuwa kila nchi ifungue kashule kake kwenye kambi yake. Wamarekani walikuwa na shule zao za jeshi sehemu nyingi, wangeweza kufanya hivyo hata hapa na maisha yangeendelea. Lakini 1952 ikafunguliwa shule moja ya wote, na muhimu zaidi ikawa shule ya serikali ya Ufaransa, chini ya mwalimu mmoja anaitwa René Tallard, na watoto wa Kifaransa wakawekwa humo humo na wageni. Baadaye ikahamia kwenye eneo la kasri la Hennemont, hapo hapo mjini, na mpaka leo iko pale na inaitwa Lycée International.

Mtoto mgeni akifika hajui Kifaransa hawamtupi darasani akodoe macho. Anaingizwa kwanza kwenye darasa maalum la Kifaransa, kama mwaka mzima anapigwa lugha, taratibu anaingizwa kwenye madarasa ya kawaida mpaka anakaa na Wafaransa wenzake na mtaala ule ule wa taifa, hesabu, fizikia, vyote. Hapo hata wewe ungesema sawa, kawaida. Ila huku akiendelea kuwa kama Mfaransa, kila wiki ana masaa kadhaa kwenye seksheni yake, yaani ya nchi yake, anasoma fasihi ya kwao na historia na jiografia KWA LUGHA YA KWAO, na mwalimu aliyetoka kwao. Na sio kipindi cha kuimba nyimbo za asili Ijumaa jioni, hapana, yale masomo yana mtihani na maksi zinahesabiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ikaziweka hizi seksheni kisheria kwa nchi nzima na kukawa na bakaloria (mtihani wa kumaliza sekondari) yenye chaguo la kimataifa, na tangu 2024 watahiniwa wake wanafanya inayoitwa bakaloria ya Kifaransa ya kimataifa. Kwahiyo kitu kilichoanza kama kuwatafutia wanajeshi pa kuweka watoto wao kimekuwa sehemu ya mfumo wa taifa, zipo seksheni za hivi mpaka Strasbourg, Grenoble, na Ferney-Voltaire kule mpakani na Uswisi wanakokaa familia za wanasayansi wa CERN, kile kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia.

Kuna kitu hapa kinanisisimua kila nikikifikiria. Wakati wa vita ya pili Saint-Germain ilikuwa makao ya kamandi ya Wajerumani ya upande wa magharibi, jemadari wa Hitler anaitwa von Rundstedt alikaa mji huo huo akitoa amri. 1955 Ujerumani Magharibi inaingia NATO, maofisa wa Kijerumani wanakuja SHAPE, na watoto wao wanaingia shule moja na watoto wa Kifaransa na Kiholanzi ambao baba zao walikuwa wanapigana nao miaka kumi tu iliyopita. Na shule haikuwaambia acheni Ujerumani wenu mlangoni. Wakapewa seksheni yao, wakasoma Kijerumani chao. Jaribu kuwaza mzazi wa Kifaransa wa mwaka ule alikuwa anajisikiaje, mi nadhani wengine walimeza mate kwa shida.

Halafu 1966 rais de Gaulle anasema Ufaransa inatoka kwenye kamandi ya pamoja ya NATO, wageni wafungashe virago. SHAPE ikahamia Ubelgiji 1967, Wamarekani wa Camp des Loges wakaenda Stuttgart. Kwa akili ya kawaida shule ilitakiwa kufa hapo, maana wenyewe waliojengewa wameondoka. Haikufa. Familia za watu wa makampuni na balozi zilikuwa zinatafuta shule ya namna hiyo, Wafaransa wenyewe walishaipenda, ikaendelea na seksheni zikaongezeka badala ya kupungua, leo ni 14. Na angalia nani yumo: Sweden, ambayo NATO imeingia juzi juzi tu 2024, Japani, na wakaja Poland, Urusi na China! Jeshi liliwekwa pale kuizuia Moscow, jeshi limeondoka, na baadaye kwenye shule ya watoto wa hilo jeshi ikafunguliwa seksheni ya Kirusi. Historia ina utani wake aise.

Sasa turudi nyumbani kidogo. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania anasoma miaka yote kwa Kiswahili, anafaulu, anaenda fomu wani, na kule karibu kila kitu ni Kiingereza, baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, anapewa wiki chache za orientesheni halafu kazi kwake. Mwalimu mwenyewe ukimbana anarudi kwenye Kiswahili akiwa anachungulia mlango. Mtoto wa kanali wa Kidenmaki alipewa mwaka mzima wa lugha na akaachiwa Kidenmaki chake, huyu wa kwetu wa Nachingwea anapewa wiki chache na ananyang'anywa Kiswahili siku ya kwanza, halafu tunashangaa kwanini anakariri. Mimi sio mpinzani wa Kiingereza, watoto wakijue vizuri sana, ila ile shule inaonesha hutakiwi kuchagua moja uiue nyingine. Inataka muda na walimu, yaani inataka hela. Hilo nakubali.

Na msidhani nawapamba Wafaransa. Hawa hawa, huko nyuma, mtoto wa Brittany, mkoa wa magharibi mwa Ufaransa, akiongea Kibretoni cha kwao shuleni alikuwa anavalishwa kitu shingoni cha kumuaibisha, mpaka amkamate mwenzake anayeongea amvishe yeye. Waliosoma Kenya hiyo disiki wanaijua vizuri. Kwahiyo serikali ile ile iliyomuaibisha mtoto wa mkulima kwa lugha ya mama yake, ilikuja kufungua milango kwa Kidenmaki na Kinorwe kwa sababu wenye lugha walikuja na vyeo. Lugha yako inaheshimiwa kulingana na mshahara wa baba yako, huo ndio ukweli mchungu wa hii stori. Hata leo kuingia ni kwa mtihani, nyumba za mji ule sio za kila mtu, na ingawa shule ni ya serikali seksheni za Uingereza na Marekani wazazi wanalipa ada ya maelfu ya yuro kwa mwaka kwa sababu Ufaransa hailipi mishahara ya wale walimu. Wa Ureno na Ujerumani wana afadhali, serikali zao zinatia mkono.

Na ukisema mji huo hautuhusu, kidogo tu: tarehe 10 Septemba 1919, siku ile ile Austria inasaini mkataba wake wa amani Saint-Germain, ilisainiwa pale pia konvensheni ya kurekebisha ule Mkataba wa Berlin wa 1885 kuhusu biashara ya bonde la Kongo, na hilo "bonde" kwenye makaratasi yao lilikuwa linafika mpaka pwani yetu ya Bahari ya Hindi. Wamarekani, Wabelgiji, Waingereza, Wajapani, wote walikuwepo mezani. Sisi wenye bonde hatukuwepo.

Basi kwenye seksheni za kimataifa za Ufaransa nzima utakuta Kiarabu, Kireno, Kichina, lakini Kiswahili hakuna. Tunasherehekea tarehe 7 Julai kila mwaka, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO yenye makao hapo hapo Paris, na chuo cha INALCO kinafundisha Kiswahili kwa Wazungu. Lakini mtoto wa Mkongo wa Bukavu aliyeko sekondari ya Ufaransa hana pa kusomea historia ya kwao kwa Kiswahili chake. Nani alaumiwe? Mi nalaumu Dodoma, Nairobi na Kinshasa kabla ya Paris, maana Ureno haikusubiri kuonewa huruma, ilitoa walimu. Tungeanza na walimu wawili tu, wa fasihi na wa historia, mishahara wagawane hizo serikali tatu, sio hela ya kutisha hiyo, kongamano moja la hoteli linakula zaidi.

Ila nisingeanzia Saint-Germain. Ningeanzia Marseille, kule ambako Wangazija wamejaa na watoto wao wanasoma shule za kawaida kabisa za serikali, kwenye mitaa ambayo hakuna jenerali aliyewahi kukaa. Na wakisema wao hawataki Kiswahili, wanataka Shikomori chao, sawa, wapewe Shikomori.