Pampu ya mafuta, Leicester na Chake Chake

Ni miaka 12 sasa naishi Leicester, Uingereza, na muda wote huo nimewasikia Wapemba wenzangu wakidai kuwa mafundi magari wa nyumbani, Pemba, hubahatisha tu. Mimi sikubaliani nao.

Pampu ya gari yangu ilipokufa huku, gereji ilibadilisha kila kilichomo tangini, yaani mota, boya la geji, chujio na kifuniko chake, ingawa kilichokufa ni mota peke yake, na ujira ukapita bei ya kifaa. Sikukuu iliyopita nilikuwa Chake Chake, na gari ya ami yangu ilikuwa ikikata pumzi kila jua lilipopanda. Fundi aliinua kiti cha nyuma, akampa ami ufunguo na kumwamuru awashe, kisha akaligonga tangi kwa ngumi huku ametega sikio. Pampu ikaunguruma kidogo, ikanyamaza. Akachomoa mota tu, kitu kisichozidi tochi ndogo, akatia ya mtumba, akaosha chujio, na adhuhuri haijaadhiniwa gari ikawaka.

Ninachowalaumu mafundi wetu ni usalama. Katika gari za sindano, yaani zinazorushiwa mafuta injinini kwa shinikizo, mafuta hubaki na shinikizo kwenye bomba hata injini ikishazimwa, kwa hiyo fundi wa Leicester kwanza huchomoa fyuzi ya pampu, huiacha injini iungurume mpaka ijizimie, kisha hufungua waya wa betri. Wetu hakufanya hata moja, petroli ikamrukia mkononi, na kijana mmoja amesimama mlangoni na sigara, ilhali mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini, humo humo garini. Kuchomoa fyuzi hakugharimu hata shilingi, basi hapa umaskini tusiusingizie.

Kwa ami, lakini, neno langu halikufika mbali. Nilimweleza kuwa pampu hupozwa na petroli iliyoizunguka, na kwamba kutembea na taa ya mafuta inawaka ndiko kunakoiunguza, basi angalau aweke nusu tangi.

"Mwanangu," akanijibu, "wewe unajaza kwa mshahara. Mimi natia kwa karafuu, na karafuu zina msimu wake."

Nilinyamaza. Jioni tulikwenda Wete, na taa ilikuwa inawaka tangu tulipotoka.