Hamu ya sayansi: mtoto wa Wete na mtoto wa Oslo

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo wakiongozwa na Svein Sjøberg na Camilla Schreiner waliandaa dodoso moja likajazwa na wanafunzi wa miaka 15 katika nchi zipatazo 40. Mradi huo uliitwa ROSE. Majibu yalipangika kwa namna ya kushangaza: nchi inavyozidi kuendelea, ndivyo hamu ya vijana wake kwa sayansi inavyopungua. Uganda, Ghana na Bangladesh zilikuwa juu. Norwei na Japani zilikuwa chini, na wasichana wa Norwei waliotaka kuwa wanasayansi walikuwa wachache mno.

Sisi Wazanzibari tunaweza kuisoma habari hii kwa furaha, na furaha hiyo ina msingi. Mtoto wa Pemba hajifunzi kichocho kitabuni tu. Skulini kwao watoto hupimwa mkojo na kupewa dawa, na mdudu anayewaumiza anaishi ndani ya konokono wa bwawa lile lile wanalooga. Maabara ya Ivo de Carneri inayochunguza mambo hayo iko pale Wawi, si ng'ambo. Mtoto wa Paje ambaye mama yake analima mwani anajua kuwa mwani wa aina ya cottonii, wenye bei nzuri, hufa maji yakipata joto, na ule wa spinosum huvumilia zaidi. Maswali yamejaa mlangoni kwake. Watafiti wa ROSE wenyewe walielekea huko: katika nchi iliyokwisha kujengwa, kijana huchagua masomo yanayoonyesha yeye ni nani, katika nchi inayojengwa, sayansi bado ina sura ya maendeleo.

Upande wa pili, wa wanaoitilia shaka hamu hiyo, una hoja nzito, na ndiyo inayonipa shida. Katika PISA ya mwaka 2006, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, Ufini iliongoza kwa sayansi ikiwa na alama 563, na Kirgizistani ikawa ya mwisho kwa 322. Walipoulizwa kuhusu hamu, mambo yakageuka: Kirgizistani karibu na juu, Ufini karibu na chini. Hapo mtu ana haki ya kuuliza kilichopimwa ni nini hasa. Maana ndani ya nchi moja, kwa kawaida anayelipenda somo ndiye anayelifanya vizuri. Uhusiano huo hupinduka pale tu tunapoweka nchi kando ya nchi.

Sababu moja iko kwenye namna ya kujibu. Vijana wa Asia ya Mashariki huepuka majibu ya ncha, yale ya kukubali au kukataa kabisa; kwengineko mtu hutia alama kwenye "nakubali kabisa" bila kusita. Na kwetu sisi, mtu mzima akikuuliza kama unapenda masomo, adabu ni kusema naam. Isitoshe, katika nchi maskini wengi wa umri wa miaka 15 wameshatoka skuli, kwa hiyo anayeulizwa ni yule aliyebaki.

Nakubali kwamba orodha ya nchi haiaminiki kama inavyodhaniwa. Sikubali wanaofika mbali zaidi na kusema hamu ya watoto wetu ni ya bandia. Katika ROSE wanafunzi wa Afrika walitaka kujua karibu kila kitu, hata mimea na kilimo, mada ambazo wenzao wa Ulaya walizipuuza. Naona hiyo ni kiu ya elimu yenyewe, na sayansi ndiyo mlango wake wenye heshima zaidi, kwani ndiko kuliko udaktari na uhandisi. Kiu hiyo ni ya kweli, ila haijajaribiwa.

Inaanza kujaribiwa mapema. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Wengi wetu hukimbilia kusema lugha ndiyo inayoua hamu. Ulinganisho haututetei moja kwa moja: Waganda waliojibu kwa shauku husoma kwa Kiingereza, na Singapore, iliyoongoza PISA 2015 huku wanafunzi wake wakilifurahia somo, inafundisha kwa Kiingereza pia. Japani na Ufini hufundisha kwa lugha zao, hujua sana, hupenda kidogo. Lakini Singapore ina walimu walioandaliwa kwa lugha hiyo na maabara zinazotumika. Mtoto wetu anayenakili ubaoni maneno asiyoyaelewa anaweza kuendelea kuipenda sayansi kwa miaka kadhaa huku akiwa hajaipata.

Kwa hiyo dodoso ninalolitaka ni la hapa hapa. Waulizwe watoto wale wale mara mbili, darasa la nne na tena kidato cha tatu: unapenda sayansi kiasi gani, na je, umewahi kushika hadubini kwa mkono wako?