Eddy Gordo Atatuua!

Jamani, nani alimleta mpiganaji Eddy Gordo kwenye Tekken 3, gemu ya kupigana? Nimekesha wiki nzima nikikariri kombo, yaani mapigo ya mfululizo, za mpiganaji wangu Jin, vidole vimeota sugu. Anakuja mtoto wa darasa la pili, pedi ya gemu kaishika kichwa chini, anabonyeza vitufe vya mateke kama anatwanga kisamvu. Eddy anabinuka, anazunguka, mateke ya kapoeira ya Kibrazili, kapoeira juu ya kapoeira, mimi chini! Raundi ya pili? Chini tena!

Eti mabingwa wanasema Eddy si tishio, ukijua kumzuia kamalizika. Sawa, wakubwa. Hapa kibandani nani anajua kumzuia? Watengeneza gemu wakimpunguza nguvu, wachezaji wa mashindano hawatamchagua. Akiachwa hivyo, sisi wa kulipia kwa sarafu tunazikwa. Na katoto kanacheka!