Ukisasisha Seva, Pakia Faili Moja Kabla ya Kwenda Nyumbani

Jumatatu nilimkuta mama mmoja kwenye benchi la steshenari pale Mwanga, Kigoma, bahasha ya kaki mapajani. Alitoka Ilagala alfajiri na kijana wake kuja kutuma maombi ya chuo. Vyeti vimeshaskaniwa, fomu imejaa, lakini kila wakibonyeza "Tuma" mfumo unajibu: "Tafadhali jaza sehemu zote." Kijana akajaza upya. Mara tatu. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, au mtoto ndiye anakosea?"

Hapana, mama. Mtoto hakukosea kitu.

Chuo chenyewe sikitaji. Ijumaa jioni seva yao, kompyuta inayobeba mfumo wa maombi, ilitolewa Ubuntu 20.04 (mfumo endeshi wake) ikapelekwa 22.04, na PHP, lugha iliyoandikiwa programu ya maombi, ikapanda kutoka 7.4 hadi 8.1. Nimejua hayo kwa sababu Jumatatu ile jioni niliitwa nikasaidie. Kusasisha sikupingi: watengenezaji wa PHP waliacha kuipa 7.4 marekebisho ya usalama Novemba 2022, na vyeti vya watu havikai mahali kama hapo.

Ila toleo jipya huja na php.ini yake, yaani faili la mipangilio, kwenye folda yake. Ile ya zamani, ambayo fundi wa kwanza aliipandishia vikomo vya ukubwa wa kinachopakiwa, inabaki kwenye folda ya 7.4 na haisomwi tena. Vikomo vinarudi megabaiti 2 kwa faili moja na 8 kwa fomu nzima. Vyeti vitatu vya kuskani kwa rangi vinazidi hapo kwa urahisi. Na fomu ikizidi 8, PHP haikatai vyeti peke yake. Inaacha vyote: jina, namba ya mtihani, kila alichoandika yule kijana. Programu inakuta patupu, inamwambia ajaze.

Nilipofungua logi, faili ambamo seva huandika makosa yake, jibu lilikuwepo tangu Ijumaa usiku, limejirudia mstari kwa mstari: kikomo ni baiti 8388608, yaani zile megabaiti 8, kilichotumwa kimezidi. Siku tatu hakuna aliyelisoma. Kurekebisha kulichukua dakika kumi: kikomo cha faili moja (upload_max_filesize) 20M, cha fomu nzima (post_max_size) 64M, kisha PHP-FPM, huduma inayoendesha PHP, ikawashwa upya.

Kinachoniuma ni zile siku tatu. Aliyesasisha alifungua ukurasa wa mbele, akaona nembo, akaingia kwa nywila yake, akaaga. Najua fundi yuko peke yake na kazi anaifanya usiku, nakubali. Lakini watu hawaji kwenye mfumo ule kuangalia nembo, wanakuja kupakia vyeti. Basi chukua cheti kilichopigwa picha kwa simu, kizito kama cha watu, kipakie, kisha nenda kwenye folda ukakifungue ukione. Hapo ndipo kazi imeisha. Na ujumbe useme kweli. Ungesema "faili ni kubwa mno", yule dada wa steshenari angezipunguza, mama akarudi Ilagala siku ile ile.

Na kusasisha Ijumaa, dirisha la maombi likiwa wazi, kusifanyike kabisa.

Walilala Ujiji kwa ndugu. Jumanne asubuhi fomu ilipita mara ya kwanza. Mama akaomba asomewe namba ya maombi kwenye kioo, akainakili kwa kalamu nyuma ya ile bahasha, tarakimu moja moja, kisha akaomba isomwe tena ahakikishe.