Tiba ya kiwewe kwa simu inataka mtu upande wa pili

Hapa Uganda, pesa za kutibu kiwewe kwa njia ya mtandao zikipatikana, zinunue kwanza muda wa mshauri aliyefundishwa. Programu ya simu ije baadaye. Nasema hivi kwa sababu naona mipango mingi ikianza na programu, na mshauri anakumbukwa bajeti ikiwa imekwisha.

Wanaotetea programu hupenda kutaja jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2022. Watu wazima 196 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikutana na tabibu ana kwa ana hadi mara 12, dakika 60 hadi 90 kila mara. Kundi la pili lilipita hatua 8 kwenye intaneti. Baada ya wiki 16, kundi la intaneti halikuwa nyuma. Ni habari njema, lakini isomwe yote. Wagonjwa wale walikuwa na kiwewe cha tukio moja, cha kiwango kidogo au cha kati, na kila mmoja wa kundi la intaneti alikuwa na tabibu wa kumwongoza kwa muda usiozidi saa 3, pamoja na simu au barua pepe fupi katikati.

Muda huo mdogo wa tabibu ndio unaobeba tiba. Mgonjwa wa kiwewe hukwepa: hapiti njia ile, hataki kusikia jina lile, na usiku huogopa kulala kwa sababu ya jinamizi. Sasa programu inamfikisha kwenye hatua ya kuliandika tukio lenyewe. Akiwa peke yake, atafunga simu, na hatarudi. Hapo si uvivu, ni ugonjwa unafanya kazi yake.

Tena, mama aliyekimbia Ituri, mashariki mwa Kongo, na sasa anaishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyaka II hana tukio moja. Ana kijiji kilichochomwa, njia ya msituni, mtoto aliyepotea na mpaka uliovukwa usiku. Kwa watu kama yeye, ushahidi mzuri ulitoka humuhumu nchini, kwenye makazi ya wakimbizi ya Imvepi na Nakivale, ambako tiba ya kusimulia maisha ilijaribiwa. Katika utafiti wa Nakivale uliochapishwa mwaka 2008, walishiriki wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na waliopewa tiba walihudumiwa na washauri wasio madaktari, waliofundishwa kwa kazi hiyo. Kamba hulazwa chini kama mstari wa maisha, maua kwa mazuri na mawe kwa mabaya, kisha kila jiwe husimuliwa kwa mpangilio: ilikuwa wapi, saa ngapi, ulisikia nini, mwili ulifanya nini. Kumbukumbu iliyokuwa ikivamia vipandevipande hupata mahali na tarehe yake.

Kazi hiyo inawezekana kwa simu, ila maandalizi yake ni mengi kuliko wengi wanavyodhani.

Kabla ya yote, pima. Dodoso la kiwewe la PCL-5 lina maswali 20, jumla ya alama 80, na akifikia 31 hadi 33 au zaidi mtu anahitaji kuchunguzwa kwa makini. Dodoso la sonona, PHQ-9, swali lake la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote juu ya sifuri lipigiwe simu siku hiyohiyo. Mfumo unaopokea jibu hilo Ijumaa usiku, likaja kusomwa Jumatatu, ni hatari; afadhali swali hilo lisiulizwe.

Kisha andika mteja amekaa wapi hasa: kijiji, zoni, kituo cha afya kilicho karibu, na namba ya mtu anayemwamini. Kila kikao kianze kwa kuuliza, "Leo uko wapi, na nani yuko karibu?" Simu za familia hutumiwa na wengi, kwa hiyo usimtumie ujumbe wa sauti unaotaja kiwewe. Mkubaliane neno la siri. Akisema "hela ya mahindi nitaleta kesho", ajue mshauri kwamba mtu ameingia, na mazungumzo yageuke kuwa ya biashara. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inahesabu afya kuwa taarifa maalumu, lakini sheria haimsaidii mke ambaye mume ameshasoma simu yake.

Linaloharibu vikao zaidi ni kukatika katikati ya simulizi. Bando limeisha au betri imezima, na mtu ameachwa na moyo unadunda kana kwamba yuko palepale msituni. Ndiyo maana napendelea simu ya kawaida ya sauti, inayoingia hata kwenye katochi, ile simu ndogo isiyo na intaneti, na mshauri ndiye apige ili gharama iwe yake. Muulize ukali wa hofu kati ya 0 na 10. Ikiwa bado 8, usifunge kikao. Tenga dakika 20 za mwisho za kumtuliza. Ukisikia majibu yanafupika, sauti inafifia, kimya kinarefuka, usisubiri. Mwite jina, muulize leo ni siku gani, akanyage sakafu kwa nguvu, anawe uso kwa maji baridi, ataje vitu vitano anavyoviona.

Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mpango unaotegemea programu moja hufa siku kama hizo. Siku ya kwanza kabisa mkubaliane saa na namba ya simu ya kawaida.

Anayeendelea kupigwa nyumbani, mwenye mpango wa kujiua au anayelewa kila siku asianzishiwe simulizi kwa simu. Aonwe ana kwa ana kwanza, kwenye hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ya Butabika au hospitali ya rufaa ya mkoa.

Mshauri naye ana kikomo. Simulizi tatu nzito kwa siku zinatosha, na kila wiki awe na msimamizi wa kumsikiliza. Mishahara ya watu hao wawili iandikwe kwenye bajeti kabla ya mstari wa programu.