Kabla ya kuinua ukuta, onja maji

Nyumba ya shangazi yangu, Langoni hapa Lamu, ina kuta za chini za matumbawe na chokaa ambazo hakuna aliye hai aliyeziona zikijengwa. Juu yake, miaka kumi na mbili iliyopita, fundi alimwaga dari ya zege. Kuta zimesimama vile vile. Dari ndiyo inayoanguka. Vipande vya ukubwa wa kiganja vinamdondokea shangazi kitandani, na ukitazama juu unaona nondo zilizovimba kwa kutu. Mchanga ulitoka ufuoni na maji yalitoka kisima cha chumvi. Sote tulimwona punda akipita na mzigo, wala hatukusema neno.

Dari hiyo ndiyo hunijia kila ninaposikia barazani habari za kuta za kuinua. Tangu gati la kwanza la bandari mpya lifunguliwe mwaka 2021, watu wanaota maghala upande wa bara, Mokowe na Hindi, na njia hii ya ujenzi inafaa maghala hasa. Unamwaga sakafu kwanza, unaisawazisha vizuri. Juu ya sakafu hiyo unapanga mbao za ukingo, unaacha nafasi za milango na madirisha, unapaka dawa ya kuzuia zege lisigandane na sakafu, unasuka nondo, unafunga vyuma vya kunyanyulia, kisha unamwaga ukuta ukiwa umelala. Zege likishapata nguvu, kreni inausimamisha ukuta mzima, na vyuma vya mshazari vinaushikilia mpaka paa lifungwe.

Mimi naiunga mkono. Vyumba vya mji wetu ni vyembamba kwa kuwa boriti haivuki mita 3 au karibu na hapo, na hakuna ghala linalojengwa kwa kipimo hicho. Mkomani na Langoni, mitaa ya mji mkongwe, hata hivyo, njia hii haina pa kupita: kreni haiwezi kuingia kwenye kichochoro ambacho punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Tena ukuta wa matumbawe wenye unene wa karibu nusu mita unapoza nyumba kuliko zege jembamba.

Lakini fikirieni uzito. Ukuta wa mita 6 kwa 9, unene sentimita 20, ni karibu tani 26. Wakati wa hatari kwake ni pale unapoanza kuachana na sakafu, maana ungali umelala na uzito wake wote unataka kuukunja katikati. Kinachouokoa ni nondo na vile vyuma vya kunyanyulia. Chumvi haionekani siku hiyo. Inakaa ndani ya zege, inakula chuma polepole, na chuma kikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Dari ya shangazi inadondosha vipande. Ukuta wa ghala umebeba paa, na chini yake kuna vijana wetu wanaopakua mizigo.

Wengine watasema mchanga upo kwenye vilima vya Shela, kijiji jirani, tuchote. Hapo ndipo ninapokasirika. Vilima vile vya mchanga ndivyo vinavyohifadhi maji matamu tunayokunywa. Ukivichimba kwa ajili ya zege, umeharibu maji ya mji ili ujenge ghala. Mchanga wa ujenzi utoke mbali na pwani, hata kama gharama ya lori inauma.

Na mafundi wetu wasiachwe pembeni. Mwaka 1922 mbunifu wa majengo Rudolph Schindler alijenga nyumba yake huko Los Angeles kwa mabamba membamba ya zege yaliyomwagwa chini, na watu wachache wakayasimamisha kwa miguu mitatu ya mbao na roda, bila kreni kubwa. Nani anaijua kazi hiyo kuliko mtu aliyepandisha foromali, ule mti unaobeba tanga la jahazi, kwa jarari na abedari, yaani kamba na roda zake, tangu utotoni? Waanze na kuta ndogo, za duka au za darasa, wajifunze kufunga mishazari na kusubiri siku tulivu, maana kusi ikivuma ukuta unaoning'inia hugeuka tanga.

Mtu akija na ramani yake ya ghala, sitamuuliza kwanza kuhusu kreni. Nitamwomba anipeleke kwenye kisima chake, nichote kwa kiganja nionje, kisha maji hayo na mchanga wake vipelekwe maabara vikapimwe chumvi kabla mfuko wa kwanza wa simiti haujafunguliwa.